MAISHA YA GEORGE WASHINGTON CARVER, MWALIMU WA VIAZI VITAMU



Wiki chache zilizopita, baada ya shule ya Jumapili, tulimkuta binti mmoja mdogo amekaa nyuma ya kanisa akila kiazi kitamu cha kuchemsha. Alipotuona alikificha ndani ya kitenge. Tulipomuuliza kwa upole kwa nini anaficha chakula, alijibu kwamba wenzake huwacheka wanaokula viazi kila siku, kwa kuwa eti viazi ni chakula cha wakimbizi. Binti huyu anaishi kwa mama mlezi. Yeye na mama yake mzazi walipotezana usiku wa kukimbia, na mpaka leo hatujapata habari zake.

Tulirudi nyumbani moyo ukiwa mzito. Ndipo tukakumbuka kitabu tulichosoma tulipokuwa chuo cha Biblia, kuhusu mtu aliyetenganishwa na mama yake akiwa bado ananyonya, akalelewa jikoni mwa watu wengine, na baadaye akawafundisha maskini wa Marekani kukipa kiazi kitamu heshima mezani. Tumeona vema tuwasimulie maisha yake. Na kwa kuwa kina mama wetu hawapendi kusimuliwa chakula bila kukipika, mtasoma pia jinsi tulivyojaribu kuoka pai ya viazi vitamu juu ya mbabula.

Mtoto aliyelipiwa farasi

George alizaliwa mtumwa karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Siku na mwezi hakuvijua maisha yake yote. Wengi wetu ambao kadi zetu zinasema tulizaliwa Januari 1 tunalielewa jambo hilo: mwandikishaji anataka tarehe, nasi tunampa ile iliyo karibu. Mama yake aliitwa Mary. Mkulima mzungu, Moses Carver, alimnunua mwaka 1855 kwa dola 700. Baba yake alikuwa mtumwa wa shamba la jirani, naye alifariki kwa ajali kabla mtoto hajamjua.

Wakati ule Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao, majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, tangu mwaka 1861 hadi 1865, na Missouri ilikuwa mpakani. Sisi tuliotoka upande wa Fizi na Baraka hatuhitaji kuelezwa maisha ya mpakani wakati wa vita. Makundi yenye silaha yalipita usiku yakichukua farasi, chakula na watu. Usiku mmoja yalifika kwa Moses Carver, yakamchukua Mary pamoja na mtoto wake mchanga. Kaka yake George, aliyeitwa Jim, alisalimika.

Moses alimtuma mtu mmoja awafuatilie. Baada ya siku kadhaa mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, amefungwa ndani ya nguo, anakohoa kifaduro na yuko karibu kufa. Kwa kazi hiyo alilipwa farasi wa mashindano. Mary hakuonekana tena. Kama aliuzwa mbali au aliuawa, hakuna aliyewahi kumwambia mwanawe.

Hatutaki kumfanya Moses Carver mtakatifu. Alimnunua binadamu kwa fedha, na risiti iliandikwa. Lakini utumwa ulipokomeshwa, yeye na mkewe Susan, ambao hawakuwa na watoto, waliwalea wale ndugu wawili nyumbani mwao. Jim alikuwa na nguvu, akaenda shambani pamoja na Moses. George alikuwa dhaifu, na sauti yake ilibaki nyembamba hata uzeeni. Basi alibaki na Susan, akajifunza kupika, kufua, kushona na kutarizi. Wapo akina baba miongoni mwetu ambao wangesema mtoto wa kiume ameharibiwa. Tunaomba wasubiri kidogo, maana jikoni hapo ndipo elimu yake ilipoanzia.

Muda wake uliobaki aliutumia vichakani. Alikuwa na kibustani chake cha siri, akihamishia huko maua na miche iliyokuwa ikifa, na majirani wakaanza kumletea mimea yao migonjwa aitazame.

Mama Mariah

Shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya watoto wazungu, naye hakupokelewa. Akiwa na umri wa miaka kama 12 hivi, aliondoka kwa miguu kwenda mji wa Neosho, mwendo wa kilomita zipatazo 13, kwa kuwa huko kulikuwa na shule ya watoto weusi. Hakuwa na ndugu mjini. Alilala kwenye banda, na asubuhi akakutwa na mama mmoja mweusi aliyeitwa Mariah Watkins.

Mama Mariah alikuwa mkunga na dobi. Yeye na mumewe Andrew walimpokea kijana huyo kwa sharti kwamba afanye kazi za nyumbani. Shule ilikuwa upande wa pili wa ua. Wakati wa mapumziko George aliruka ua, akafua nguo kitabu kikiwa wazi mbele yake, kengele ikilia akaruka tena kurudi darasani. Mpaka siku hiyo alikuwa akijulikana kama George wa Carver, kama vile mtu anavyotaja mbuzi wa fulani. Mama Mariah alikataa jina hilo, akamwambia kwamba tangu sasa yeye ni George Carver. Alimpeleka kanisani, akampa Biblia ambayo aliisoma mpaka alipokufa. Akamwagiza kwamba akipata elimu asiifungie moyoni, arudi kuwapa watu wake.

Kuna mama hapa Gatete waliopokea watoto wasio wa tumbo lao, huku mgao wa chakula ukibaki ule ule. Kwa ajili yao tumeandika habari ya Mama Mariah kirefu kuliko tulivyoandika habari za wakubwa wengine waliokutana na George baadaye.

Miaka ya kuzunguka

Kutoka Neosho alikwenda Kansas akifuata shule. Katika mji wa Fort Scott, mwezi Machi 1879, aliona kwa macho yake kundi la watu likimtoa mtu mweusi jela, likamuua na kumchoma moto. Aliondoka mji huo mara moja, na uzeeni bado alikuwa akiikumbuka picha ile. Alihama mji hata mji, akiishi kwa kupika kwenye nyumba za watu na kufua nguo. Alipofika mji wa Minneapolis, huko huko Kansas, alikuta yupo George Carver mwingine na barua zao zinachanganywa, basi akaongeza herufi W katikati ya jina lake. Baadaye herufi hiyo ikawa Washington. Huko pia ndiko alikopata habari kwamba kaka yake Jim amekufa kwa ndui, mwaka 1883. Sasa alikuwa peke yake kabisa.

Chuo kimoja cha Highland kilimkubali kwa barua. Alipofika mlangoni na wakaona rangi yake, wakamrudisha. Alikwenda nyikani, akachukua ardhi katika wilaya ya Ness mwaka 1886, akajenga nyumba kwa vipande vya udongo wenye nyasi vilivyokatwa kwa jembe. Sisi tunaojenga kwa matofali mabichi tunajua nyumba ya namna hiyo inavyokuwa masika.

Mwaka 1890 alipokelewa katika Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa. Baada ya kulipa ada alibaki na senti 10. Alinunua unga wa mahindi wa senti 5 na mafuta ya ng'ombe ya senti 5, akavila wiki nzima. Kisha akatafuta beseni na pasi, akaanza tena udobi kwa wanafunzi wenzake. Alisomea uchoraji na muziki, lakini mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona anavyopenda mimea, akamshauri aende chuo cha kilimo mjini Ames. Alikwenda mwaka 1891, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi pale. Mwanzoni hakuruhusiwa kula na wanafunzi wenzake. Alipelekwa chini ya jengo, kula pamoja na vibarua wa shamba. Mama mmoja mzungu aliyemfahamu aliposikia habari hiyo alipanda treni, akaja kuketi naye huko chini wakala pamoja. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, na chuo kikampa kazi ya kufundisha.

Tuskegee

Mwaka huo huo wa 1896 Booker T. Washington, ambaye naye alizaliwa mtumwa, alimwita aje kufundisha kilimo katika chuo cha watu weusi cha Tuskegee, jimbo la Alabama. Mshahara ulikuwa dola 1,000 kwa mwaka. George alikubali, akakaa hapo miaka 47, mpaka kifo.

Tusidhani yote yalikwenda vizuri. Alipofika aliomba vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha mimea yake, na walimu waliokuwa wakilala wawili wawili chumbani hawakufurahi. Alipewa pia usimamizi wa kuku wa chuo. Kuku walikufa, mayai yakapotea, na hesabu hazikulingana. Mkuu wake alimkaripia kwa barua nyingi, naye mara kwa mara alitishia kuacha kazi. Tunawatajia haya ili mtu asiyeweza kutunza kuku asikate tamaa na vipawa vyake vingine.

Maabara hayakuwepo. Aliwatuma wanafunzi majalalani wakaokota chupa, mitungi na taa za zamani, akaanza kufundishia vitu hivyo.

Nje ya chuo hali ilikuwa mbaya zaidi. Watu waliokuwa watumwa, na watoto wao, walilima pamba katika ardhi ya wengine. Walikopa chakula dukani kwa ahadi ya mavuno, na mavuno yakija deni linameza yote. Pamba ilipandwa mpaka mlangoni mwa nyumba, mwaka hata mwaka, mpaka udongo ukachoka. Walikula nyama ya nguruwe yenye mafuta, unga wa mahindi na asali ya miwa, basi. Chakula cha namna hiyo huleta pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kuharisha na hatimaye kuvuruga akili. Si ugonjwa wa Marekani peke yake. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, zaidi ya watu 18,000, baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa mahindi.

Dawa ya George ilikuwa kubadilisha mazao: mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga, ambazo hurudisha rutuba kwenye udongo. Na viazi vitamu, kwa kuwa vinazaa hata kwenye ardhi iliyochoka, havihitaji mbolea ya kununua, na vinashibisha nyumba. Mwaka 1906 lilitengenezwa gari la kukokotwa na nyumbu, lililobeba vifaa na mbegu, likaenda kwa wakulima wasioweza kufika chuoni. Mfadhili wake aliitwa Morris Jesup, na gari likapewa jina lake.

Viazi vitamu

Ndugu msomaji, kiazi kitamu ni mgeni barani kwetu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kililetwa Afrika katika biashara ya baharini ya Wareno. Leo Burundi ni miongoni mwa nchi zinazokila kwa wingi sana. Tunaona wenyewe kiangazi, wakati milima imekauka, mabonde yamejaa matuta ya viazi. Wale waliozaliwa katika makambi ya Tanzania wanajua michembe na matobolwa ya Wasukuma: michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza. George alikuwa akifundisha jambo hilo hilo Alabama, maana tatizo la kiazi ni kuoza. Kijitabu chake cha pili kabisa, cha mwaka 1898, kilihusu majaribio ya viazi vitamu. Aliandika tena juu ya kuvihifadhi mwaka 1906, tena mwaka 1910, na tena mwaka 1936. Kwa jumla alitoa vijitabu zaidi ya 40, vyepesi kusomeka, vya mkulima na mkewe.

Watu husema alipata vitu zaidi ya 100 kutokana na viazi vitamu: unga, wanga, siki, rangi, wino, gundi. Husema pia vitu 300 kutokana na karanga. Tunapenda kuwa wakweli katika gazeti hili. Vingi kati ya hivyo havikufika kiwandani, na vingine hakuandika namna alivyovitengeneza. Siagi ya karanga hakuigundua yeye, ingawa watu wengi huamini hivyo. Magazeti ya wakati ule yalipenda kumwita mchawi wa sayansi.

Lakini unga wa viazi ulikuwa jambo la kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ngano ilipungua Marekani. Katika jiko la Tuskegee walichanganya unga wa ngano na viazi vitamu kuoka mkate wa chuo, wakaokoa ratili zipatazo 200 za ngano kwa siku, yaani karibu kilo 90. Serikali ilisikia, ikamwita George Washington mwezi Januari 1918 aende kuwaonyesha wataalamu mkate ule. Vita vilipokwisha ngano ikapatikana tena, na mpango ukaachwa. Mwaka 1921 aliitwa tena huko, mbele ya kamati ya Bunge, kueleza habari za karanga. Alipewa dakika 10. Baadhi ya wabunge walianza kwa kumdhihaki, lakini alipofungua sanduku lake la vyakula na kuanza kueleza kimoja baada ya kingine, walimwongezea muda tena na tena.

Pai

Sasa tufike kwenye chakula chenyewe. Pai ni chombo cha unga uliokandwa kwa mafuta na kutandazwa ndani ya sahani ya kuokea, kisha kujazwa kitu kitamu na kuokwa. Wazungu wa Kaskazini mwa Marekani huijaza maboga. Kusini, watumwa waliokuwa wakipika katika majiko ya mabwana waliijaza viazi vitamu, chakula kile kile walichochoma majivuni katika vibanda vyao. Baada ya uhuru pai hiyo ikawa ya kwao, na mpaka leo familia za Wamarekani weusi huiweka mezani siku ya Shukrani na Krismasi.

Katika kijitabu cha mwaka 1936 George aliweka namna nyingi za kupika viazi vitamu, na pai ikiwemo. Akiwa mwanasayansi aliyeitwa mbele ya Bunge, aliketi akaandika jinsi mama wa shambani atakavyochemsha viazi na maganda yake, avimenye, aviponde mpaka vilainike, atie maziwa na mayai yaliyopigwa, apunguze sukari kama viazi ni vitamu sana, aongeze mdalasini, tangawizi na karafuu, kisha aoke akiwa ameweka unga chini tu, juu wazi. Tuliposoma hayo tulimwona tena yule mtoto dhaifu, amesimama kando ya Mama Susan jikoni.

Tuliwapelekea kina mama wa kanisa habari hizo, nao wakasema tujaribu. Vipimo ni vyetu: viazi kilo moja, mayai matatu, maziwa kikombe kimoja, sukari robo kikombe, tangawizi mbichi iliyosagwa, mdalasini kidogo. Kwa ganda, unga wa ngano vikombe viwili, chumvi, mafuta nusu kikombe na maji ya baridi ya kushikanisha tu. Ukikanda sana ganda linakuwa gumu kama chapati ya juzi.

Pai ya kwanza iliungua chini na juu ikabaki uji. Kosa lilikuwa letu, maana tulisimama pale tukitoa maelekezo na makaa yote yakawekwa chini. Mama mmoja mzee, aliyewahi kuoka mikate ya kuuza huko Baraka, alitusogeza pembeni kwa heshima. Alichukua sufuria kubwa, akatandaza chini mchanga mkavu wa ziwani unene wa vidole viwili, akaupasha moto, akaweka sahani ya pai juu ya vijiwe vitatu ndani yake, akafunika kwa mfuniko bapa, na juu ya mfuniko akapanga makaa mengi kuliko ya chini. Baada ya kama dakika 50 alichoma katikati kwa kijiti, kikatoka kikavu.

Kuhusu mafuta palikuwa na mabishano. Siagi hatuna. Wengine walitumia mafuta ya kawaida ya kupikia, wengine wakasema tuko Rumonge, kwenye mawese, tukatafute nini kingine. Ganda la mawese lilitoka na rangi nzuri ya dhahabu, ila harufu yake inasikika. Wazee waliipenda, watoto nusu kwa nusu. Viazi vya rangi ya chungwa ndani vilifaa kuliko vyeupe, kwa rangi na kwa ulaini, navyo vina vitamini A ambayo watoto wetu wanaihitaji kwa macho na kwa kinga. Mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuvieneza vyakula vya namna hiyo, viazi hivyo vikiwa mbele.

Yule binti alikula vipande viwili, hadharani.

Siku za mwisho

George hakuoa. Kwa miaka mingi aliwafundisha vijana Biblia chuoni, jioni ya Jumapili, akiwaletea jani au jiwe la kuanzia mazungumzo. Alivaa koti lile lile kuukuu na kuweka ua kifuani. Soksi alijifumia mwenyewe. Hundi za mshahara alizisahau droo, mpaka watunza fedha wakamwomba azipeleke benki wapate kufunga hesabu. Katika miaka yake ya mwisho akiba hiyo, jumla yake ikiwa dola zipatazo 60,000, aliitoa yote kwa mfuko wa utafiti ulioanzishwa Tuskegee mwaka 1940 ili vijana waendeleze kazi.

Alifariki Januari 5, 1943, baada ya kuanguka kwenye ngazi, akazikwa Tuskegee karibu na kaburi la Booker T. Washington. Julai mwaka huo huo serikali ya Marekani iliamua shamba la Diamond alikozaliwa litunzwe kwa kumbukumbu yake, na hapo ndipo palipokuwa mahali pa kwanza pa kitaifa kutengwa kwa heshima ya Mmarekani mweusi.

Chumbani mwake alikuwa ametunza gurudumu la kusokotea nyuzi lililokuwa la mama yake Mary. Waliomtembelea waliliona hapo, miaka zaidi ya 70 baada ya usiku ule. Majina ya mama na watoto waliopotezana katika kusanyiko letu tunaendelea kuyaandika kila Jumanne baada ya maombi. Mwenye habari yoyote, hata ndogo, atuone au amwone mzee wa kanisa wa eneo lake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kina mama wataoka tena, safari hii kwa ajili ya watoto wote walio kwa walezi. Wanahitaji makaa, mayai na mifuniko bapa miwili. Mchanga upo.